Tenda wema nenda zako: wema wa siri humlinda nani?

Ramadhani moja, nikiwa na miaka tisa hivi, kazi yangu kila magharibi ilikuwa kubeba sahani. Mama alipakua muhogo wa nazi, akaweka vipande viwili vya samaki juu yake, akafunika kwa kawa, akanikabidhi. "Pita uani, usipite barazani." Barazani wanaume walishakaa kusubiri adhana, na mtoto akipita na sahani kila mtu huona anakoipeleka. Nikifika kwa jirani nilikuwa na maneno niliyofundishwa: "Shikamoo bibi. Mama anasema muonje futari yetu." Bibi yule alifiwa na mumewe mwaka ule, na wanawe walikuwa mbali. Mama alijua kuwa siku nyingine jikoni kwake hapawashwi moto. Mimi sikujua. Niliamini kweli kwamba tunataka atuonjee.

Baada ya siku mbili tatu sahani ilirudi, na haikurudi tupu. Mara ilikuwa na ndimu nne, mara kipande cha mkate wa kumimina, na siku moja chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mama aliipokea chumvi ile kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti ya kusikika mpaka ua wa pili.

Naikumbuka sahani ile kila nikisikia watu wakibishana juu ya kutenda wema bila kujitangaza. Methali tunayo, "tenda wema nenda zako". Msikitini na kanisani tunaambiwa hivyohivyo. Kisha jioni tunakwenda harusini, orodha ya waliochanga inasomwa kwa kipaza sauti, na hatuoni ubaya. Kijana akirekodi video akigawa unga kwa wazee tunamkaripia, lakini tajiri akificha utoaji wake mpaka afe tunasikitika kwamba hakutuonyesha mfano. Mtu anaweza kudhani sote ni wanafiki. Mimi nadhani tumetia mambo tofauti katika kapu moja, na tukiyatenga tutaona kwamba swali la "nitangaze au nifiche?" lina jibu lililo wazi kuliko tunavyolifanya.

Nianze na jambo linalolaumiwa bure, yaani daftari la rambirambi. Msibani utamkuta mtu amekaa pembeni kwenye mkeka au chini ya turubai, daftari mapajani. Unampa elfu kumi, anaandika jina na kiasi. Ukitazama kwa haraka utasema hapa watu wananunua sifa. Lakini daftari lile hufunguliwa tena. Ukifiwa wewe mwaka ujao, familia ile italitazama na kukumbuka ulivyosimama nao, nao watakuja. Kamati ya harusi hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo, na siku hizi mweka hazina hubandika orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, kilicholipwa, salio. Huu ni mchango, na mchango ni bima ya watu wasio na bima. Ukichanga bila jina umewavurugia wenzako hesabu, kwa maana hawatajua wamrudishie nani. Hapa jina ni sehemu ya kazi yenyewe.

Udhia wa mchango uko kwingine: mwenye kidogo huona haya jina lake likae chini ya orodha, hata akakope. Nimeona vikundi vilivyolitatua hilo kwa kuandika jina na alama ya vema tu, kiasi kikabaki kwa mweka hazina. Deni la ujirani linakumbukwa, na mfuko wa mtu hauanikwi.

Harambee ya Kenya ilitoka kwenye shina hilohilo. Jomo Kenyatta aliifanya neno la taifa wakati wa uhuru mwaka 1963, na shule nyingi za vijijini zilijengwa na watu waliochanga fedha, mawe na nguvu zao. Baadaye jukwaa la harambee likawa mahali pa wanasiasa kutaja mamilioni yao mbele ya wapiga kura. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliweka masharti juu ya harambee, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kuwa maofisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena. Mwanasiasa wa jukwaani hangoji kurudishiwa siku ya msiba wake. Anataka kurudishiwa siku ya kura, na atakayelipa ni mwananchi ambaye pengine hata hakuomba lile darasa liitwe kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye wema wa aina ya sahani ya Mama. Hapa anayetoa anacho na anayepokea hana, na wote wawili wanajua kwamba hakitarudi kwa kipimo kilekile. Wema wa namna hii ndio unaotaka siri, na Kiswahili kinajua sababu, maana kina neno la jeraha linalotokea siri ikikosekana: masimango.

Kumsimanga mtu, na wengine husema kumsimbulia, ni kumkumbusha wema uliomtendea ili ajione mdogo. "Si mimi niliyekulipia ada?" "Umesahau ulikuwa unalala kwenye sebule ya nani?" Maneno haya husemwa mara moja tu, lakini aliyeambiwa hubaki nayo umri wote. Nimemwona mtu mzima, mwenye kazi na familia yake, akiacha kabisa kwenda kwa ami yake aliyemsomesha, kwa sababu kila akifika hutambulishwa kwa wageni kama kijana aliyeokotwa akafanywa mtu. Ada ilishalipwa, cheti kipo, maisha yamenyooka, lakini fadhila ile imekuwa mnyororo. Ndiyo maana wazee wetu huweza kulitamka neno "fadhila" kwa namna mbili: mara kama baraka, mara kama mzigo wa kulipa usiokwisha.

Qur'ani inalisema hili kwa mfano ambao sijaona unaoushinda. Katika Sura ya Baqara, aya ya 264, waumini wanakatazwa kuziharibu sadaka zao kwa masimango na maudhi, na anayefanya hivyo anafananishwa na atoaye ili watu wamwone. Mfano wake ni jabali laini lenye udongo juu yake: mvua kubwa ikinyesha, udongo wote unachukuliwa na jiwe linabaki tupu. Anayesimanga na anayejionyesha wamewekwa mahali pamoja. Kwa mtazamo wetu wa kawaida ni makosa mawili tofauti, moja ukatili na jingine majivuno. Aya inayaona kuwa kosa moja, kwa sababu katika yote mawili mpokeaji amegeuzwa kuwa kioo cha mtoaji kujitazamia.

Aya ya 271 ya sura hiyohiyo ndiyo inayosahaulika nusu yake. Inasema kudhihirisha sadaka ni vizuri. Kisha inasema kuzificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Angalia siri imefungamanishwa na nini: na fakiri. Palipo na mtu anayeweza kuaibika, ndipo kuficha kunapokuwa bora. Injili ya Mathayo nayo ina sauti mbili. Sura ya 6 inataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na inawakataza watu kupiga panda wanapotoa sadaka. Ila sura ya 5 inataka nuru yenu iangaze mbele ya watu, wayaone matendo yenu mema. Wakristo wengi wameniuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Mimi huwajibu kwa kuwauliza: katika tendo lako, yupo mtu ambaye uso wake utaonekana pamoja na wako?

Neno letu la kukamilisha haya ni stara. Tunamwombea marehemu Mungu amsitiri. Tunasema nguo ni stara, nyumba ni stara, na mume na mke ni stara kila mmoja kwa mwenzake. Kumsitiri mtu ni kufunika upungufu wake usiwe habari ya watu. Kawa juu ya sahani ile ilizuia nzi, ni kweli, lakini ilizuia macho pia: aliyekuwa barazani asijue kama ndani mna samaki au mna muhogo mtupu, kama ni hidaya ya kubadilishana au ni chakula cha mtu asiye nacho. Mama hakuwa akificha jina lake, maana bibi alijua fika sahani ni ya nani. Alichoficha ni njaa ya bibi, na aliificha hata mbele yangu mimi niliyeibeba.

Kwa hiyo nasema bila kusita: siri katika wema ni haki ya anayepokea kabla haijawa sifa ya anayetoa. Tumezoea kuihubiri upande mmoja tu, kwamba mtoaji anajifunza unyenyekevu na kuepuka ria, yaani kutenda ili aonekane. Ni kweli, anajifunza. Lakini tukiishia hapo tumemfanya tena mtoaji kuwa mhusika mkuu, na fakiri amebaki chombo cha mazoezi yake ya kiroho.

Watu wa zamani waliielewa siri hii mpaka wakaijengea vifaa. Istanbul, mji wa Uturuki, enzi za dola ya Waothmani, kulikuwa na mawe ya sadaka: nguzo za mawe zilizosimamishwa karibu na misikiti na penye njia za watu, zenye shimo juu kama bakuli. Mwenye nacho alipitisha mkono juu na kuacha sarafu. Asiye nacho alipitisha mkono vilevile na kuchukua kiasi anachohitaji. Ukimwona mtu ameinua mkono kwenye nguzo, hujui anaweka au anachukua. Nguzo chache bado zipo, mojawapo mtaa wa Üsküdar. Na Waothmani hao walikuwa na desturi nyingine iliyonigusa zaidi kwa kuwa vifaa vyake sisi tunavyo leo. Katika Ramadhani, mtu mwenye uwezo aliingia duka la mtaa asikojulikana, akaomba daftari la madeni, akachagua kurasa kadhaa bila kujua ni za nani, akalipa, mwenye duka akazifuta.

Daftari hilo lipo kwenye duka la Mangi karibu na nyumbani kwako. Lina jalada lililochakaa, limefungwa kalamu kwa uzi, na limejaa majina kama "Mama Asha" na "Fundi wa baiskeli", mbele yake sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni kipande. Nilishawahi kusimama dukani mwezi wa kumi na mbili nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenye duka apokee elfu tatu kupunguza deni, litakalobaki atalipa Januari. Mwenye duka akafunua, akatazama, akasema, "Hudaiwi." Mama akabisha, akidhani yule kijana amekosea hesabu. "Hudaiwi, mama, limelipwa." Yule mama alisimama kidogo, akaangalia huku na huku kwenye foleni akitafuta uso wa mtu, akaona nyuso sita zote zinasubiri kuhudumiwa. Akanunua mkate kwa ile elfu tatu. Sijui hata mimi aliyelipa ni nani, na mwenye duka hakusema.

Mwanachuoni aliyezipanga ngazi za kutoa kwa makini kuliko wote ninaowajua ni Musa bin Maimun, Myahudi aliyezaliwa Cordoba akawa tabibu huko Misri, akafariki mwaka 1204. Katika kitabu chake cha sheria aliweka madaraja manane ya kutoa. La chini kabisa ni anayetoa kwa uso wa kununa. Juu yake yupo anayetoa pungufu ya inavyopasa lakini kwa uso mkunjufu, kisha anayetoa baada ya kuombwa, kisha anayetoa kabla hajaombwa. Baada ya hapo anaingia kwenye siri. Daraja linalofuata, mpokeaji anamjua mtoaji lakini mtoaji hamjui mpokeaji. Anataja wanachuoni waliofunga sarafu kwenye ncha ya vazi na kulitupa mgongoni, maskini wakaja nyuma kuzichukua bila kutazamwa usoni. Juu yake, mtoaji anajua anampa nani lakini mpokeaji hajui amepewa na nani. Juu zaidi, hakuna amjuaye mwenziwe.

Ungedhani ngazi inaishia hapo, kwenye giza kamili. Haiishii hapo. Daraja la juu kabisa kwake ni kumkopesha mtu, kuingia naye ubia, au kumtafutia kazi, ili asihitaji tena kuomba. Daraja hilo halina siri hata kidogo. Mbia wako anakujua, mnaandikishana, mnagombana juu ya faida. Kama siri ingekuwa ndiyo wema wenyewe, Musa bin Maimun angekuwa amekosea kuliweka juu. Lakini kama anachokipima ni heshima ya anayepokea, ngazi yote inakaa sawa, kwa kuwa hakuna kinachomsitiri mtu kuliko kuwa na chake.

Na nikiipima sahani ya Mama kwa ngazi hiyo, iko katikati tu: wote wawili wanajuana. Lakini lile neno "muonje" na ile chumvi ya kurudishia vilifanya kazi ya ngazi mbili tatu. Bibi hakuwa amepewa, alikuwa ameombwa aonje. Na aliporudisha chumvi, hesabu ya ujirani ikawa imefungwa. Mama alishukuru kwa sauti kubwa kwa sababu hiyo. Chakula chetu kilipita kimya, chumvi yake ikatangazwa mtaani. Nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba ile sauti ilikuwa sehemu ya sadaka.

Yapo masimulizi ya watu walioificha mikono yao mpaka kaburini. Ali bin Husein, kitukuu cha Mtume, aliyejulikana kwa lakabu ya Zaynul-Abidin, inasimuliwa kuwa alikuwa akibeba magunia ya unga mgongoni usiku na kuyaacha kwenye milango ya mafukara wa Madina. Mchana baadhi ya watu walimdhania bahili. Alipofariki, waliomwosha waliona alama za mizigo mgongoni, na nyumba kama mia moja zikaona riziki ya usiku imekatika. Simulizi hii hutajwa sana kwenye mawaidha kwa ajili ya mgongo wake. Mimi hunivuta lile la kudhaniwa bahili, maana watu wengi wangeweza kubeba gunia usiku, ila wachache wangevumilia kuitwa wachoyo mchana na wasijitetee.

Lakini lipo onyo la upande wa pili. Fudhayl bin Iyadh, mcha Mungu wa karne ya pili ya Hijria, alisema kuacha tendo jema kwa ajili ya watu ni ria, na kulitenda kwa ajili ya watu ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Yaani mtu anayeogopa kutoa msaada kwa kuwa wataona na kusema anajionyesha, huyo naye bado anawatazama watu. Nina jamaa walionaswa hapo. Mmoja amemwona mtoto amekaa chini barabarani, anataka kumnunulia chakula, anatazama huku na huku, anaona wapita njia, anaghairi asije akaonekana mwema. Mtoto amelala njaa kwa sababu ya unyenyekevu wa mtu mwingine.

Je, sifa zenyewe ni sumu? Tuna methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Utafiti wa watoto unaipa methali nguvu kwa nusu. Mwaka 2008 wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, Ujerumani, waliwapima watoto wa miezi 20 wanaookota vitu vilivyomwangukia mtu mzima. Waliopewa zawadi ya kitu kila waliposaidia, baadaye walisaidia kwa uchache. Waliosifiwa tu kwa maneno hawakupungua, wala wasiopewa chochote. Kwa hiyo "ahsante" haiui wema. Kinachouua ni kuufanya biashara, mtoto akajifunza kwamba kuokota kalamu ya mtu ni kazi ya malipo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema usimshukuru mtu eti utamharibia thawabu. Mwache mpokeaji ashukuru; ni haki yake pia, kama chumvi ya bibi.

Mtu wa zama zetu aliyelionja swali hili pande zote mbili ni Chuck Feeney, Mmarekani wa asili ya Ireland aliyetajirika kwa maduka ya viwanja vya ndege yasiyotoza ushuru. Mwaka 1982 alianzisha mfuko wa hisani, na miaka miwili baadaye akahamishia humo karibu mali yake yote kimyakimya. Vyuo na hospitali zilizopata fedha zake ziliambiwa zisimtaje, na hakuna jengo lililowekwa jina lake. Dunia ilimhesabu bilionea wakati yeye anasafiri daraja la kawaida na kuvaa saa ya plastiki. Siri ilivuja mwaka 1997 kwa sababu ya mauzo ya kampuni, ambayo yangeianika kwa vyovyote. Na tangu hapo akabadilika taratibu: akakubali kuhojiwa na kuandikwa, kwa kuwa aliona matajiri wengine wangeweza kumfuata wakatoa wakiwa hai. Mfuko ulimaliza kazi mwaka 2020 baada ya kutoa zaidi ya dola bilioni 8, naye akafariki Oktoba 2023 akiwa na miaka 92, akiwa anaishi kwenye nyumba ya kupanga. Mimi simwoni kama aliyejipinga. Chuo kikuu hakioni haya kupewa maabara. Palipokuwa hapana uso wa kusitiri, uwazi wake ulizaa faida, akauruhusu.

Hapo pia inafaa kutenga jambo moja ambalo wajanja hulichanganya makusudi. Siri ni ya mtoaji na mpokeaji. Haiwi ya mtunza fedha. Anayekusanya sadaka za watu, awe mhazini wa msikiti, mzee wa kanisa au mwenye kikundi cha kusaidia wagonjwa, anadaiwa risiti, daftari na hesabu ya wazi. Nimeshachangia mahali ambapo kila tulipouliza fedha zimekwenda wapi tulijibiwa kuwa wema hautangazwi. Fedha zile hatukujua ziliishia wapi.

Nimelibakiza suala la simu kwa kuwa ndipo tunapoumizana zaidi leo. Fedha za simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, zimerahisisha kutoa kuliko wakati wowote, lakini kila muamala unafika na jina la aliyetuma. Anayetaka kumsitiri mwenzake hana budi kupita uani tena: kulipa ada moja kwa moja shuleni, au kumwachia mwenye duka. Ila kamera ndiyo inayoniuma. Mzee anaitwa mbele, anapewa kiroba cha unga kilo tano, anaambiwa atazame huku, anaombwa aseme neno la shukrani, na kabla hajafika nyumbani wajukuu zake wameshaiona picha. Wanaorekodi husema wanahamasisha wengine, na wengine ni wakweli. Husema pia kwamba mzee aliridhia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinaipa ridhaa ya mtu uzito. Lakini ridhaa iliyoombwa huku kiroba kimeshikiliwa na muombaji ni ridhaa ya namna gani? Anayetaka kuhamasisha apige picha ya magunia, ya stakabadhi, ya lori, na ya uso wake mwenyewe akipenda. Uso wa mzee auache.

Wema uliokamilika zaidi katika jambo hili, ninavyoona, watu wengi tumeshaufanya bila kuuita kwa jina lolote kubwa. Tunasema "kuchangia damu", kitenzi kilekile cha harusi na msiba. Na mara nyingi kweli ni mchango: mgonjwa amelazwa, ndugu wanaitwa kufidia chupa zilizotumika, na jina la mgonjwa linaandikwa kwenye fomu. Lakini anayekwenda mwenyewe, hajaitwa na mtu, amehama kutoka daftari la rambirambi akaenda kwenye lile jiwe la Istanbul.

Mara ya mwisho nilipokwenda, nesi alinipima uzito kwanza, maana chini ya kilo 50 hawachukui, akanitoboa kidole kupima wingi wa damu, akaniuliza mara yangu ya mwisho ilikuwa lini. Mwanamume husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Akabandika karatasi ndogo zenye namba moja kwenye mfuko, kwenye vichupa vya vipimo na kwenye fomu. Vichupa vitapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mfuko wenyewe, wa mililita 450 hivi, unaweza kutenganishwa ukawafaa wagonjwa zaidi ya mmoja: chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki kadhaa, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hukaa nje ya jokofu siku tano tu, zikitikiswa muda wote zisishikane. Mfuko ulikuwa juu ya kimashine kidogo kinachoubembeza, nikautazama ukijaa. Juu yake palikuwa na namba na kundi la damu, basi. Nikamuuliza utakwenda kwa nani.

"Bado hajaja," alisema.

Alinipa soda na biskuti, akaniambia nikae dakika kumi. Nikakaa, kisha nikashuka kituoni kusubiri daladala.